Tununue hisa kama tunavyonunua mchele, si kama tiketi ya bahati nasibu

Mwezi uliopita nilikuwa Rusumo, upande wetu wa daraja, nikisubiri gari la kurudi Kigali. Mama mmoja ninayefahamiana naye kwa miaka mingi, mfanyabiashara wa mchele unaotoka Kahama, alinivuta pembeni kwenye kivuli cha lori akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tunapanga magendo: “Kaka, wewe unaandika gazetini, lazima unajua. Nina faranga milioni tatu. Ninunue hisa za kampuni gani?”

Fedha hizo alizipata kwa kuuza kiwanja kidogo huko Kirehe. Mama huyu alizaliwa Karagwe, akarudi na wazazi wake baada ya mwaka 1994. Jamaa zake waliobaki ng’ambo walijikuta wanaamriwa kuondoka Agosti 2013, wakavuka na nguo walizovaa, ng’ombe wakabaki nyuma. Kwa hiyo mtu wa namna hii anaposema ana faranga milioni tatu, hazungumzii fedha tu. Anazungumzia kitu pekee alichofanikiwa kukishika mkononi baada ya familia yake kuanza maisha upya mara mbili.

Washauri hakukosa. Shemeji yake alimwambia achague kampuni yoyote ambayo serikali ina mkono ndani yake, kwa kuwa serikali haifilisiki. Kijana mmoja wa jirani alimtajia nyingine, kwa kuwa bei yake ilikuwa imepanda wiki ile. Mimi nilinyamaza. Gari langu lilikuwa limefika, na sikuwa na jibu la dakika moja. Makala hii ndiyo jibu lake, na naamini ni jibu la wengi kati yetu tunaoishi kwa mpaka au tuliorudi kutoka nje tukiwa na akiba kidogo.

Nianze na jambo nililoliona pale pale Rusumo kabla hajaniita. Alikuwa ananunua magunia. Hakuangalia maandishi ya gunia wala hakusikiliza sifa za muuzaji. Alichukua bambo, akalichoma gunia katikati, kisha chini kabisa, akatoa punje, akazipuliza, akatafuna mbili. Akauliza ni za msimu gani. Akauliza zimelala ghalani muda gani. Akakataa mzani wa muuzaji, akataka wa jirani. Baada ya hapo ndipo akauliza bei, na bei ilipotajwa akacheka na kugeuza mgongo kuondoka.

Sasa nawauliza, ndugu wasomaji: mama mwenye akili hiyo ya biashara anawezaje kuambiwa anunue hisa kwa sababu tu bei imepanda wiki hii? Angenunua mchele hivyo, angekuwa amefunga duka siku nyingi. Maoni yangu ni kwamba wafanyabiashara wetu wa mpakani tayari wana elimu ya kuchagua hisa kuliko wengi wenye tai. Kinachowaponza ni kuiacha elimu hiyo nje ya mlango mara wanapoingia kwa dalali wa hisa.

Kabla ya kuuliza kampuni gani, tuulize kwanza fedha gani. Fedha za mzunguko, zile zinazokwenda Kahama Jumatatu na kurudi zikiwa mchele Ijumaa, hazina kazi katika hisa. Hisa ni mali ya miaka. Siku unapozihitaji fedha kwa haraka ndiyo siku soko litakapokupa bei mbaya, maana soko halijui kwamba mwanao amefukuzwa shule kwa ada.

Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba mfanyabiashara mdogo asihangaike na hisa kabisa, azungushe mtaji wake tu. Hapo sikubaliani. Wanaofanya biashara Gatuna wanakumbuka Februari 2019, mpaka ulipofungwa, na hawakuuona ukifunguliwa tena hadi Januari 2022. Wa Bugarama na Akanyaru wameuona mpaka wa Burundi ukifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena Januari 2024. Wa Rubavu waliona vita vilivyoingia Goma Januari 2025 na benki za mji ule zikafunga milango, fedha za watu zikiwa ndani. Mtu ambaye mali yake yote imo katika mzigo ulio upande wa pili wa kizuizi hana mali. Ana matumaini tu.

Kwa mtu aliyewahi kukimbia, hisa ina sifa moja ambayo ng’ombe na nyumba hazina. Siku hizi hisa haipo kwenye karatasi iliyofungwa sandukuni. Imeandikwa kwa jina lako katika daftari kuu la kielektroniki, ambalo hapa kwetu linatunzwa na Benki Kuu ya Taifa. Nyumba ikiungua, hisa haiungui. Ukivuka mpaka na nguo ulizovaa, jina lako linabaki pale pale. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya mtu wetu kumiliki hisa, na si ndoto ya kutajirika ifikapo Krismasi.

Basi, tuchukue bambo letu tuchome gunia.

Swali la kwanza ni hili: kampuni hii inapata wapi fedha, na wanaoidai wanalipwa? Wengi tunachagua kwa jina. Uchumi lilikuwa jina kubwa Kenya tangu miaka ya 1970. Maduka yake yalijaa watu. Mwaka 2006 yakafungwa kwa madeni, kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, ikafufuka, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni Nairobi. Baadaye zikaorodheshwa hapa Kigali na kule Kampala, na watu wakanunua kwa kuwa jina walilijua. Oktoba 2015 kampuni ikafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Waliokuwa wanapeleka unga, maziwa na sabuni katika maduka hayo walijua mapema kuliko mabwana wa soko la hisa, kwa sababu wao ndio waliokuwa hawalipwi.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapomzidi mtu wa ofisini. Wewe unajua ni saruji ipi inapanga foleni Rusumo na ipi inalala ghalani. Unajua ni bia ipi wenye baa wanaiagiza mara mbili kwa wiki. Unajua ni kampuni ipi ya simu watu wanaitumia kutumiana fedha na ipi wanaiacha. Unajua ni benki ipi ina foleni ya wateja wanaoweka na ipi ina foleni ya wanaolalamika. Hizo ni habari za thamani. Zitumie kama hatua ya kwanza, kisha uzilinganishe na hesabu za kampuni zilizokaguliwa. Foleni peke yake haitoshi, maana duka linaweza kujaa wateja huku linauza kwa hasara.

Swali la pili: kampuni ina deni kiasi gani, na nani atalipwa kwanza mambo yakiharibika? Turudi kwa yule shemeji na imani yake kwamba serikali haifilisiki. Mumias ilikuwa mfalme wa sukari Kenya. Mwaka 2001 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 6.25 za Kenya, na serikali ikabaki kuwa mwanahisa mkubwa. Mambo yalipoharibika, serikali ilimwaga fedha za kuiokoa, lakini hazikutosha. Wakulima wa miwa walikaa bila kulipwa. Septemba 2019 benki iliyokuwa inaidai ikaiweka chini ya mrasimu, na biashara ya hisa zake ikasimama.

Msomaji aelewe mpangilio huo. Kampuni ikianguka, wanaolipwa mwanzo ni wenye dhamana, kisha kodi, wafanyakazi na wadai wengine kwa mpangilio wa sheria. Mwanahisa anakaa mwisho wa foleni, na mara nyingi chakula huwa kimeisha kabla hajafikiwa. Serikali kuwa mwanahisa maana yake ni kwamba nayo imekaa hapo mwisho pamoja na wewe. Tofauti ni kwamba yenyewe ina kodi za kujifidia, na wewe huna.

Swali la tatu: je, leseni au mkataba wa kampuni una tarehe ya mwisho? Hili watu hulisahau sana. Umeme ya Uganda iliuza hisa kwa umma mwaka 2012 kwa shilingi 275 za Uganda. Ilikuwa na kazi nzuri, maana kila mwenye taa alikuwa mteja wake. Lakini mkataba wake wa kusambaza umeme ulikuwa wa miaka 20, na ulimalizika tarehe 31 Machi 2025 kama ulivyoandikwa. Mtandao ukarudi kwa shirika la serikali. Serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikadai zaidi, na shauri likapelekwa kwenye usuluhishi London. Sisemi kwamba aliyenunua alikosea. Alipata gawio miaka kadhaa. Ninachosema ni kwamba aliyenunua mwaka 2012 alipaswa kujua amenunua duka la kupanga, na mwenye nyumba ameandika siku ya kuhama. Duka la namna hiyo unalilipia bei yake, na si bei ya nyumba ya urithi.

Swali la nne: kampuni inakupa nini wakati unasubiri? Bei ya hisa ni maneno ya watu hadi siku utakapouza. Gawio ni fedha inayoingia mfukoni. Angalieni benki ya CRDB ya Tanzania, ambayo ndugu zetu wengi wa Burundi wanaifahamu kwa kuwa iko Bujumbura tangu mwaka 2012. Hisa zake zilipouzwa kwa umma mwaka 2009 bei ilikuwa shilingi 150 za Tanzania. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, zilikuwa zinauzwa chini ya hapo, na wengi waliapa hawatagusa hisa tena. Lakini wakati watu wanalaani bei, gawio lilikuwa linapanda. Kwa mwaka 2019 benki ililipa shilingi 17 kwa kila hisa, kwa mwaka 2021 ikalipa 36, na kwa mwaka 2024 ikalipa 65. Bei nayo ikaja kuufuata ukweli huo, ikapanda mara kadhaa. Aliyekuwa anatazama bei pekee aliuza kwa hasira. Aliyetazama gawio alibaki.

Tahadhari hapa ni moja. Gawio moja nono lisikudanganye. Kampuni inaweza kulipa sana mwaka mmoja kwa sababu imeuza jengo, kama mtu anayekula mbegu. Dai hesabu za miaka mitano. Gawio linalopanda kidogo kidogo, na ambalo kampuni inalitoa katika faida na kubakiza akiba, ni bora kuliko kishindo cha mwaka mmoja.

Swali la tano ndilo linalowaumiza wengi: unanunua kwa bei gani? Hebu tuichukue Safaricom, maana hakuna asiyeijua. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne. Wako waliokopa benki. Kwa kuwa hisa hazikutosha, kila mtu alipewa sehemu tu ya alichoomba, huku riba ya mkopo ikihesabiwa yote. Biashara ilianza tarehe 9 Juni 2008, bei ikapanda kwanza, lakini kufikia mwanzoni mwa mwaka 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliokopa waliuza kwa machozi.

Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 13. Kampuni ni ileile, minara ileile, wateja walewale. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 ililipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Sasa tupige hesabu ya sokoni. Aliyenunua kwa shilingi 5 na kukaa kimya amepata asilimia 24 ya fedha yake kwa mwaka mmoja huo. Aliyenunua kwa 13 amepata kama asilimia 9. Aliyenunua kwa 40, siku ambayo kila mtu alikuwa anaisifia, amepata asilimia 3, na angefanya vizuri zaidi kwa kuikopesha serikali kupitia hati fungani. Kampuni nzuri kwa bei mbaya ni biashara mbaya. Yule mama alilijua hilo alipocheka na kugeuza mgongo pale kwenye magunia.

Hapa na mimi niungame. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja, jina nalihifadhi, kwa sababu jirani yangu alinunua na alikuwa akitembea kwa madaha. Sikusoma ukurasa hata mmoja wa hesabu zake. Nilipotaka kuuza ili kulipia matibabu ya mzazi, nilikaa wiki tatu bila mnunuzi, na aliyepatikana alinipa bei chini ya nusu. Kosa halikuwa la jirani. Yeye alikuwa na fedha za kusubiri, mimi sikuwa nazo.

Ndiyo maana swali la sita ni: je, naweza kuuza? Soko letu la Kigali lilianza mwaka 2008 kwa hatua ndogo, na Soko la Hisa la Rwanda likazinduliwa rasmi Januari 2011 pamoja na hisa za Bralirwa, zilizokuwa zimeuzwa kwa faranga 136. Mwaka huo huo Benki ya Kigali ikafuata kwa faranga 125. Tangu hapo zimekuja nyingine, lakini kampuni za nyumbani bado hazifiki hata 10. Kuna hisa zinazoweza kukaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza. Hiyo haimaanishi ni hisa mbaya. Maana yake ni kwamba mwenye kuziingia awe amejiandaa kukaa. Muulize dalali wako: mwezi uliopita hisa hii iliuzwa siku ngapi, na ngapi ziliuzwa? Akishindwa kujibu, nenda kwa mwingine.

Swali la saba linawahusu zaidi wanaovuka mipaka: hisa hii inalipa kwa fedha gani? Mwaka 2010, wakati hisa za Bralirwa zinauzwa, dola moja ilikuwa chini ya faranga 600. Leo inazidi 1,400. Kwa hiyo hisa ya faranga ambayo bei yake imesimama pale pale imepoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa mtu anayenunua mzigo wake kwa dola. Anayekula, kusomesha na kujenga kwa faranga hatalisikia hilo sana. Lakini mwenye kununua bidhaa ng’ambo atalisikia kila anaposimama mbele ya wabadilisha fedha. Busara ni kugawa. Sehemu iwe hapa nyumbani, sehemu iwe Nairobi au Dar es Salaam, ili fedha moja ikichechemea nyingine ikubebe. Asiweke kote kidogo kidogo mpaka gharama za madalali zimle, lakini asiweke kikapu kimoja mayai yote.

Sasa nije kwenye jambo dogo ambalo kwa watu waliorudi si dogo hata kidogo, nalo ni jina. Wengi wetu tuna majina mawili au matatu. Mtu aliitwa Yohana shuleni Ngara, Jean kwenye kitambulisho cha hapa, na jina la Kinyarwanda limeandikwa kwa herufi tofauti katika kila nchi aliyopita. Akifungua akaunti ya hisa kwa jina la cheti kimoja na benki ikamjua kwa jina la kingine, gawio litakwama njiani. Akifariki, watoto watashindwa kuthibitisha kwamba marehemu ndiye yule. Tatizo la mali isiyodaiwa ni kubwa kiasi kwamba Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda mamlaka maalumu ya kutunza fedha ambazo wenyewe hawajulikani walipo, gawio na hisa zikiwamo. Tusiende kuongeza hesabu hiyo. Majina yafanane katika kitambulisho, benki na akaunti ya hisa, namba ya simu ikibadilika upeleke taarifa, na mrithi aandikwe na aambiwe. Tumepoteza vya kutosha kwa vita. Tusipoteze vingine kwa herufi.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni ya wasomi, na kwamba kuna njia za mkato ambako mtu anaweka laki moja na kuvuna tatu baada ya miezi michache. Wenye kumbukumbu ya Tanzania hawajaisahau DECI, iliyowavuta maelfu ya watu kwa “kupanda na kuvuna” hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Tofauti ni rahisi kuikumbuka. Hisa halali haikuahidi kitu. Anayekuahidi faida ya uhakika hauzi hisa, anauza kamba, na wewe ndiye ng’ombe. Aidha, hata dalali awe na ofisi nzuri, hakikisha ana leseni ya mamlaka ya soko la mitaji, na ukishanunua, dai taarifa ya akaunti yako katika daftari kuu lenyewe. Nairobi, mwaka 2007 na 2008, madalali kadhaa walianguka, na waliokuwa wameridhika na stakabadhi za dalali peke yake walipata taabu kuzitafuta mali zao.

Na yule ambaye hana muda wa maswali haya saba asione haya. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako wataalamu hununua kwa niaba ya wengi, kama Iterambere hapa Rwanda ulioanza mwaka 2016, au Umoja kule Tanzania ulioanza mwaka 2005. Haina kishindo, lakini mtu anaingia kwa fedha kidogo na kutoka bila kutafuta mnunuzi mlangoni.

Nina neno pia kwa wakubwa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Lakini nenda ukatafute hesabu za mwaka za kampuni zilizo sokoni kwa Kiswahili, au hata kwa Kinyarwanda, uone kama utazipata kwa urahisi. Zinachapishwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na mwenye darubini, kisha tunashangaa kwa nini wananchi wananunua kwa uvumi. Kampuni inayotaka fedha za mama wa Rusumo imwambie kwa lugha anayoielewa mambo manne tu: ilipata faida kiasi gani, inadaiwa kiasi gani, italipa gawio kiasi gani, na ni kitu gani kinaweza kuiharibu. Ukurasa mmoja unatosha. Mamlaka ya soko la mitaji iyalazimishe makampuni kufanya hivyo, na ukurasa huo ubandikwe kwenye vituo vya mpakani karibu na bango la viwango vya ushuru. Mpaka hilo lifanyike, tusiwalaumu watu wanaomsikiliza shemeji.

Kwako mama yangu wa mchele, ambaye najua binti yako atakusomea makala hii: sitakutajia kampuni, kwa sababu mimi siyo nitakayelala njaa nikikosea. Lakini nakushauri hivi. Milioni moja irudishe kwenye mzunguko wako au iweke benki, iwe ya ada na maradhi. Milioni moja iweke kwenye hati fungani au mfuko wa pamoja. Milioni ya tatu, ile ambayo huihitaji kwa miaka mitano, ndiyo uipeleke kwenye hisa za kampuni mbili, si moja, na usinunue zote siku moja. Nunua kidogo, subiri hesabu zitoke, kisha ongeza au acha. Usikope hata faranga moja kwa kazi hiyo. Nenda kwa dalali na maswali yako saba, na akikuharakisha, fanya kama ulivyofanya kwa yule muuzaji wa Kahama. Cheka, ugeuze mgongo, uondoke. Magunia yapo, na kesho utayakuta.